Siku stendi ya pikipiki ilipogusa lami

Mpaka leo nikisikia chuma kinakwaruza lami mwili unanisisimka, hata kama ni mtu tu anaburuta bati. Ilikuwa pikipiki yangu ya kwanza ya klachi, niliinunua ishatumika lakini injini nzima kabisa, nikaipenda balaa.

Shida ilianza kidogokidogo. Niko kwenye mwendo vizuri tu, nikipita tuta au kashimo kadogo inazima. Na sio kuzima kwa kukohoa, hapana, inakata puu kama mtu kachomoa ufunguo, halafu kufumba na kufumbua inashika tena yenyewe. Jibu lote lilikuwa hapo ila sikuliona. Pikipiki ikikosa mafuta inakohoa, inavutavuta, inakufa taratibu, lakini umeme ukikatika inanyamaza ghafla. Mimi nikahangaika na mafuta wiki mbili, nikasafisha kabureta, nikabadili plagi, nikamwaga petroli yote kwenye tenki nikaweka nyingine, wapi. Siku moja ikakata nikiwa nashuka tuta na nyuma yangu lori, yule dereva alipiga honi na breki kwa pamoja na nilisikia joto la injini yake mgongoni. Nikasema hapana, leo lazima niende kwa fundi.

Fundi hakuchukua hata dakika kumi. Akainama upande wa kushoto, akagusagusa pale kwenye stendi ya pembeni, akaniambia, "Mdogo wangu, hii swichi ya stendi ndo inakutesa bure." Akakata waya mbili, akazisokota pamoja, akazungushia selotepu nyeusi. "Nimekuungia dairekti, haizimi tena hii." Na kweli haikuzima tena. Nikamshukuru sana, nikaondoka na furaha yangu, wala sikumuuliza ile swichi iliwekwa pale ya nini.

Nilikuja kuelewa baadaye. Pikipiki nyingi zenye hiyo swichi, stendi ikiwa chini na uko nyutro injini inaunguruma bila tatizo, ila ukiingiza gia tu injini inazima hapohapo. Yaani stendi ikipanda swichi inaunga umeme, ikishuka inakata, kwa hiyo waya ukikatika sehemu yoyote pikipiki inaamini stendi iko chini hata kama iko juu. Ndo maana yangu ilikuwa inazima kwenye matuta. Na ukiunga dairekti unaidanganya kinyume chake, inaamini stendi iko juu siku zote.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni kwamba ile swichi ilikuwa imeshanizoesha. Mara ngapi nilikuwa naingiza gia, inazima, nasema aah stendi, naipiga kisigino inapanda, nawasha tena naondoka. Sikuwahi kuiangalia kwa macho, nilikuwa nasubiri injini initonye.

Kama mwezi mmoja hivi baadaye jioni nilikuwa natoka na mdogo wangu wa mwisho, alikuwa na miaka 15. Pikipiki nimeshaiwasha, iko nyutro, imeegemea stendi, mi nimesimama pembeni namfungia mkanda wa helmeti maana alikuwa anaufunga legelege na mimi kwenye helmeti sina mchezo. Nikaukaza, nikaingiza vidole viwili chini ya kidevu kuona haumbani sana, nikaridhika. Nikapanda, nikainyoosha, naye akapanda nyuma, gia ya kwanza, tukaondoka. Stendi iko chini na injini haijasema kitu.

Kwenye barabara iliyonyooka hausikii chochote, stendi inaning'inia tu juu ya lami. Mbele kuna kona ya kushoto, naijua vizuri, nikailaza pikipiki kama kawaida, mwendo wenyewe sidhani ulifika 40. Kwanza ule mkwaruzo, krrrr, halafu kitu kikapiga chini ya mguu wangu wa kushoto kwa nguvu na nikahisi tairi la nyuma limekuwa jepesi. Nataka kuilaza inakataa, stendi imeshika chini inaisukuma isimame, na pikipiki isiyolala haipindi kona, inaenda moja kwa moja. Tukavuka upande wa pili wa barabara, kuna gari lilikuwa linakuja likafunga breki, tukapita mbele yake tukaenda kuangukia kwenye kokoto ubavu wa kulia.

Mdogo wangu mguu ulibanwa na bomba la moshi. Nilipoinua pikipiki nikaona ngozi ya shavu la mguu imebabuka, jamani, nikamwagia maji yote tuliyokuwa nayo huku mikono inatetemeka. Helmeti yake ilikuwa na mkwaruzo mrefu kuanzia sikioni hadi nyuma. Akaniuliza, "Kaka, umekanyaga nini?" Nikageuka nikaiona stendi, bado iko chini, ncha yake imesagika inang'aa kama kisu kipya, nikashindwa kumjibu.

Kidonda chake kilichukua wiki kadhaa. Siku nilipoweza kuigusa tena ile pikipiki nikaipeleka kwa fundi mwingine, mama mmoja mtulivu sana, nikamweleza yote bila kuficha. Akafungua kile kiungo cha selotepu, akachukua mita ya umeme akaiweka kwenye mlio, ile inayolia umeme ukipita, akapima swichi yenyewe. Stendi juu, inalia. Stendi chini, kimya. Swichi ilikuwa nzima! Akafuata waya kwa vidole polepole mpaka pale unapojikunja karibu na bawaba ya stendi, akaupinda, mlio ukakata. Akauachia, ukalia. Akachana ganda na wembe, nje halina hata alama, ndani shaba imekuwa ya kijani na imebaki nyuzi mbili tu zinazogusana. Akakata ile sehemu mbovu, akalehemu waya mpya, akauacha na ulegevu kidogo usivutike stendi ikicheza, akasafisha tope na grisi ya cheni iliyoganda kwenye swichi, akatia oili kwenye bawaba na springi ikawa inarudi kwa nguvu. Kazi nzima haikufika hata saa moja.

Nilikaa nayo miaka miwili zaidi ndo nikaiuza. Yule kaka aliyekuja kuinunua akaiwasha, stendi ikiwa chini akaingiza gia, ikazima, akanitazama kwa wasiwasi, "Hii mbona inakata?" Nikamwambia ndo inavyotakiwa kaka, washa tena. Akarudia, ikazima. Nikamwomba arudie mara ya tatu ndo nikampa ufunguo.