Maji Meupe ya Addington

Mama mdogo anaishi Thornton Heath, upande wa kaskazini wa Croydon, mji ulio kusini mwa London, mwaka wa 22 sasa, na bado anachemsha maji ya kunywa. Nilipofika kwake usiku, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliniwekea jagi mezani. "Maji ya bomba ya hapa ni salama, mwanangu, wenyewe wanayanywa hivyo hivyo. Ila mimi moyo wangu haujakubali."

Mimi ni bwana afya katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, na kuchemsha maji ndiyo nyimbo ninayoimba kila siku ya kazi. Nilimwambia asiache. Kesho yake nilikuwa nimepanga kwenda Addington, kilipo kisima ambacho mwaka 1937 kilileta homa ya matumbo katika mji huu huu na kuua watu 43.

Nilikuwa nimekwisha kukaa siku mbili kwenye maktaba ya Wellcome, barabara ya Euston, nikisoma taarifa za zamani za waganga wa afya wa vitongoji vya London, yaani madaktari wa halmashauri waliosimamia afya ya jamii. Kila wilaya ilikuwa na mganga wake, na kila mwaka sheria ilimtaka aandike: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa kabla ya kutimiza mwaka, dondakoo imepiga mitaa ipi, mifereji ya maji taka mingapi imekaguliwa, sampuli za maziwa zimeonyesha nini, panya wameonekana wapi. Nilihisi nasoma daftari la ofisini kwetu. Kipindi kati ya vita kuu mbili ndicho kilichonivuta zaidi, maana vitongoji vilikuwa vinafura. Familia zilitoka kwenye vyumba vya kubanana vya mjini zikahamia nyumba pacha zenye bustani, na wengi walipata bafu na choo cha ndani kwa mara ya kwanza maishani. Kila choo cha kuvuta kinataka maji ya kuingia na njia ya kutokea. Huko Middlesex, magharibi ya London, walijenga mtambo mmoja mkubwa wa maji taka, Mogden, uliofunguliwa mwaka 1936 kuchukua nafasi ya mitambo midogo zaidi ya 20. Ni kazi ya kujivunia kabisa.

Asubuhi nikapanda tramu pale East Croydon. Kabla ya kuendelea niseme jambo moja kwa ajili ya watu wa kwetu: uwanja mkuu wa ndege wa London enzi hizo ulikuwa hapa Croydon, na mwaka 1931 barua zilianza kusafirishwa kutoka hapa mpaka Mwanza kwa njia ya Misri na Sudan. Mji ulioweza kufikisha bahasha ukingoni mwa Ziwa Victoria haukuwa mji wa kubahatisha. Ulikuwa na wakazi zaidi ya 230,000, hospitali, wahandisi, na mganga wa afya mwenye ofisi kamili.

Tramu inakata msitu baada ya Coombe Lane, kisha inateremka bondeni. Nilishuka Addington Village. Kuna kanisa la zamani la Mtakatifu Maria, ambako maaskofu wakuu watano wa Canterbury wamezikwa, na mbele kidogo inaanza barabara ya Featherbed Lane. Ardhi ya hapa ni mwamba wa chaki, ule mweupe. Mvua inazama, inachujwa polepole kwenye chaki, inakusanyika chini. Ukiyateka maji hayo ni meupe pe, baridi, hayana harufu wala ladha. Watu wa Croydon waliyapenda.

Mwishoni mwa Septemba 1937 vibarua walianza kushuka ndani ya kisima kufanya ukarabati. Siku hizo hizo, tarehe 1 Oktoba, sheria mpya ya afya ya jamii ilianza kutumika England na Wales. Kazi ikiwa inaendelea mle chini, maji yaliendelea kusukumwa kwenda majumbani bila kupitia kwenye chujio, na mtambo wa klorini, ile dawa ya kusafisha maji, ukiwa umezimwa. Mmoja wa vibarua aliwahi kuugua homa ya matumbo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alishapona, ana nguvu zake, lakini alikuwa bado amebeba vimelea bila kujua, vikaingia kwenye maji. Oktoba ilipokuwa inakwisha, watu wakaanza kulazwa. Dawa ya kuua vimelea hivyo haikuwepo bado; kloramfenikoli ilikuja baada ya vita ya pili. Mgonjwa alilala na homa wiki hata wiki, akinyweshwa, akipanguswa, ndugu wakisubiri.

Nimesoma habari za uchunguzi uliofuata, na kilichonikosesha usingizi si yule kibarua. Yeye namhurumia. Kilichoniuma ni kwamba mhandisi wa mji alijua kuna watu kisimani, na mganga wa afya hakujua. Wote wawili ni watumishi wa halmashauri moja. Wagonjwa walipoanza kuongezeka, mganga alitafuta chanzo bila kuambiwa kwamba kuna kazi inafanyika ndani ya kisima. Wananchi wenyewe ndio waliopiga kelele kuhusu maji.

London yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kutia klorini kwenye maji ya mto Thames tangu 1916. Mto ule kila mtu aliujua ni mchafu, hivyo hakuna aliyeuamini. Maji ya chaki yaliaminiwa kwa weupe wake. Baada ya Croydon, klorini ikawa jambo la kawaida kwenye maji ya umma nchini kote, hata yale ya visimani.

Nilisimama muda mrefu kando ya uzio. Nikakumbuka kisima kirefu kimoja kwetu, ambacho mafundi walikifungua, wakashuka, wakabadilisha mabomba, wakakifunga. Habari hiyo niliipata siku tisa baadaye kutoka kwa mama mmoja niliyekutana naye njiani, ndoo kichwani. "Bwana afya, kisima kimepona," aliniambia kwa furaha. Sikuwa nimepima sampuli hata moja. Hakuna aliyeugua, na suala likaishia hapo. Sikumwandikia mtu yeyote barua, na hilo ni langu, sio la mafundi.

Nikarudi kituoni. Tramu ya kwenda New Addington ilipita kwanza, imejaa wanafunzi, ikipanda mlima kwenda kwenye mitaa iliyoanza kujengwa mwaka 1935. Nikatoa simu nikamwandikia fundi mkuu wa maji wa kata yetu: "Ndugu, kile kisima cha karibu na shule, mnashuka lini kukisafisha?"

Jibu likaja kabla tramu yangu haijafika. "Jumanne, saa mbili asubuhi. Kwani kuna nini?"

Nikaanza kumwandikia. Nilikuwa bado naandika tulipofika East Croydon.