Siku Nne Juu ya Ruvuma

Jana jioni tulikutana tena nyumbani kwangu hapa Newala, marafiki wanne, kwa ajili ya ile safari tunayoizungumza tangu mwaka jana: kushuka Mto Ruvuma kwa mitumbwi miwili, tukivua kwa mshipi mchana na kulala kando ya mto usiku. Kwa mara ya kwanza tulizungumza kama watu wanaokwenda kweli, na furaha yake sijaimaliza mpaka sasa.

Awali tulitaka kuanzia Daraja la Umoja, kule Mtambaswala, hadi kivuko cha Kilambo karibu na bahari. Umbali huo unazidi kilomita 200 hata ukipimwa kwa mstari ulionyooka, na Ruvuma hainyooki. Kwa siku nne tungepiga makafi kutwa bila kupata nafasi ya kutia ndoana majini. Tumekubaliana kushuka kipande kifupi tu cha bonde lililo chini ya uwanda wetu.

Kilichotuchelewesha zaidi ni tarehe. Mwenzetu anayefundisha historia alitukumbusha kwamba David Livingstone alipoupanda mto huu kwa mashua mnamo Septemba 1862, maji yalikuwa machache mno, akahangaika na mafungu ya mchanga, na hatimaye miamba ikamrudisha. Kwa sababu hiyo alishauri twende mapema, maji yakiwa bado yanatosha. Lakini Juni na Julai ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho salfa, dawa ya kuzuia ukungu, na wawili kati yetu wana mikorosho. Ugonjwa huo wa ukungu, ubwiri unga, ukishaingia kwenye maua, hakuna samaki atakayefidia mavuno ya mwaka mzima. Tulibishana kwa muda mrefu, kwa heshima, hadi tukaafikiana kuondoka mwanzoni mwa Julai, katikati ya awamu moja ya salfa na nyingine.

Kuhusu mahali pa kulala, sikuwa na wasiwasi wowote mpaka Jumamosi iliyopita, tulipoteremka bondeni kumwona mzee mmoja aliyevua kambale na perege mtoni humo tangu ujana wake. Tulipomwambia kwamba tutalala popote penye mchanga mkavu, alinyamaza, akachukua fimbo yake na kutuongoza hadi ukingoni, kwenye njia iliyopita katikati ya matete. Ilikuwa na mifereji miwili iliyochimbika sambamba, na katikati yake kigongo chembamba chenye nyasi.

"Wanangu, hii si njia ya ng'ombe," alisema. "Mwenyewe hupanda usiku kwenda kula, akarudi alfajiri, naye hapishi mtu."

Niliinama nikaweka mkono wangu ndani ya unyayo mmoja uliokuwa bado na unyevu. Kiganja kilizama chote na nafasi ikabaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ramani niliyoichora kwa majuma mawili haikuwa na jambo la maana kuliko yote. Sasa kila kituo tutakichagua jua likiwa bado juu, mbali na njia za viboko, na vyombo hatutaviosha ukingoni, kwa sababu ya mamba.

Yako pia mambo ya mpakani. Ng'ambo ni Msumbiji, na tangu wapiganaji kutoka ng'ambo walipokishambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu, Oktoba 2020, watu wa bondeni hawapuuzi sura ngeni mtoni, nami naona wana haki kabisa. Tutajitambulisha kwa serikali za vijiji na kwa polisi, tutaulizia leseni ya uvuvi halmashauri, na tukiambiwa tusiende, hatutakwenda.

Mzee amekubali kufuatana nasi siku ya kwanza, akae mbele kwenye mtumbwi wangu na kushika pondo. Ameomba tumchukulie ming'oko, yaani viazi pori, ya kuchemsha, kwa kuwa ugali wa asubuhi haumkai vizuri. Kesho nitapita sokoni kuulizia bei.