Mtoto wa Jogoo wa Kwanza

Jumapili ya tarehe 26 Agosti 2012 niliamka saa kumi usiku, nikafunga madodoso yangu kwenye mfuko wa nailoni yasiingie vumbi, nikatoka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa tatu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, na Agosti Ugogo ni upepo mtupu. Darasani nilikuwa nawafundisha watoto kwamba anayeipenda nchi huitumikia. Siku ile nchi ilinituma kwa penseli na raba.

Kazi ya karani wa sensa ukiitaja ni nyepesi: unaingia kwenye kaya, unauliza nani amelala hapa usiku wa kuamkia leo, unaandika. Lakini kutoka tembe moja hadi nyingine unavuka korongo zima la mchanga, unamkuta mama kainama kwenye kisima cha kuchimba, anachota kwa kata, nawe unasubiri ndoo ijae maana maji hayo yenyewe yanakuja kwa zamu. Mwenyekiti wa kitongoji alinisindikiza kaya tatu, kisha akaitwa msibani.

Saa nne nikafika kwa bibi mmoja. "Mbukwenyi," nikaamkia. Akaitika, akanisogezea kigoda. Mwaka aliozaliwa hakuujua, ila alikumbuka kwamba katika Operesheni ya 1971, watu walipohamishiwa vijijini, alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Tukapiga hesabu taratibu kutokea hapo, nikaandika 61. Kijana wake aliyekuwa Dodoma mjini anabeba mizigo, nikamweleza kuwa atahesabiwa hukohuko alikolala. Akaridhika.

Ndipo akafunua pazia la khanga. Ndani, juu ya ngozi ya ng'ombe, binti yake alikuwa amejilaza na kichanga, kitovu bado kibichi kimefungwa uzi mweusi.

"Na huyu, mwalimu. Wa leo leo."

"Amezaliwa saa ngapi, bibi?"

"Jogoo wa kwanza alikuwa ameshawika."

Penseli ikasimama. Sensa huhesabu waliokuwa hai saa sita ya usiku ule. Aliyefariki kabla yake hayumo, na aliyezaliwa baada yake hayumo. Nikamweleza. Bibi akanitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu si Mtanzania?"

"Ni Mtanzania, bibi. Hesabu imepita hajafika."

"Basi andika kazaliwa jioni. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Ilikuwa mistari michache tu, na moyo wangu wote ulikuwa upande wake. Nikamwambia kwamba zahanati, madawati na visima hupangwa kwa idadi hizi. Mimi nikiongeza mmoja kwa huruma, wa Kondoa akaongeza wawili, wa Mpwapwa akamwacha mzee wa mbali kwa uchovu, nchi itapangwa kwa uongo, na siku dawa zikipungua zitampungukia mtoto huyuhuyu. Bibi hakujibu. Aliyejibu ni binti, kwa sauti ya chini ya mtu aliyekesha: "Mama, mwache mwalimu. Kama ni ya wote, ni ya wote."

Kaya ile ikabaki ya watu sita. Bibi akaniletea ugali wa uwele na mlenda, nikanawa, tukala pamoja.

Jioni nilikuwa na kaya tatu ambazo mchana sikukuta mtu. Miguu ilikuwa imevimba, na jirani alikuwa tayari kunitajia waliomo kwa kukisia. Baada ya kumkatalia yule bibi, ningewezaje kupokea watu wa kukisia? Nikawasha tochi, nikarudi kwenye korongo. Ya mwisho niliikuta saa mbili usiku, wachungaji wamesharudi, wanaota moto. Walikuwa watu tisa. Jirani alikuwa amesema watano.

Takwimu za mikoa zilipotolewa, Dodoma ilikuwa na watu 2,083,588. Wale sita wamo, na wale tisa wamo.

Tarehe 23 Agosti 2022 sensa ilifanyika kwa vishikwambi, nami nilishahamia Manyoni. Usiku nilimpigia simu mwalimu niliyemwacha kule, ambaye mara hii ndiye aliyekuwa karani. Nikamuuliza kama amefika kwa bibi wa ng'ambo ya korongo. Akasema amefika asubuhi mapema, na aliyempokea mlangoni na kumsogezea kigoda ni mtoto wa miaka tisa, zikibaki siku tatu atimize kumi.