Kompyuta itajuaje kama mtu alikuwa karafuuni?

Hizi AI (akili bandia) za kutabiri mgonjwa atapatwa na nini mbele nazifuatilia kidogo, na iliyonivutia zaidi ni moja ya Marekani ya mwaka 2016, inaitwa Doctor AI. Walichukua rekodi za wagonjwa kama 260,000 za miaka 8, kompyuta ikasoma kila mtu kaja lini, kakutwa na nini, kapewa dawa gani, halafu ikatakiwa iseme safari ijayo atakuja na maradhi gani na atakuja baada ya muda gani.

Hilo la muda ndo limenikaa kichwani. Kwa sababu huku kwetu Pemba mtu wa sukari akipotea kliniki miezi mitatu si lazima iwe sukari imetulia, pengine karafuu zimeiva na watu wote wamo mashambani, au nauli ya kwenda Chake hakuna, au kavuka Unguja kwa mwanawe na huko kafunguliwa daftari jengine kabisa (na hapo usiniulize kuunganisha rekodi, Ali Juma Ali peke yao Wete wapo wangapi, bila namba ya ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, utachanganya watu). Kompyuta inaona pengo tu, basi.

Na pengo likisomwa vibaya ni hatari. Kule kule Marekani kuna modeli, yaani programu ya kutabiri kama hiyo, ya nimonia ilijifunza eti mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa kuliko asokuwa nayo, astaghfirullah! Kumbe wenye pumu walikuwa wakifika tu wanakimbizwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ndo maana wakipona. Hesabu ilikuwa sawa, ila ile mbio ya kuwapeleka ICU modeli haikuijua.

Sisemi haiwezekani kwetu. Utafiti uliotoka 2022 ulitumia data za Zanzibar, za wahudumu wa afya ya jamii, kutabiri mama atajifungulia hospitali au nyumbani. Mie naona pale raha yake ni kuwa mhudumu anaenda hadi mlangoni na simu yake, anamuuliza mama mwenyewe, hangoji mtu aje.

Kwa hiyo kabla hatujaletewa modeli ya watu wa nje, mie ningeomba kisanduku kimoja tu kwenye sistimu: kwa nini hukuja. Najua foleni ya asubuhi ilivyo, lakini mbona manesi wanauliza kila siku, "ulikuwa wapi weye miezi yote hii?" Mtu anajibu, wanacheka, anapimwa presha, na lile jibu haliandikwi pahala.