DNA ya soya ilifunika bakteria wa doenjang: jinsi nilivyotatua

Nilisoma jeni ya 16S, inayotumika kutambua bakteria, kwenye doenjang, soya iliyochachushwa ya Kikorea, na sehemu kubwa ya majibu ikawa DNA ya kloroplasti na mitokondria (sehemu za seli zenye jeni inayofanana) za soya yenyewe. Kuchuja sampuli kulisaidia kidogo tu. Kufuta majibu hayo ya soya kwenye kompyuta kuliniachia data haba.

Kilichofaa ni praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) 799F na 1193R, ambazo hukwepa kloroplasti. Mitokondria bado hunakiliwa, ila kipande chake kina takriban besi (herufi za DNA) 800, cha bakteria 400. Hapo ndipo penye siri! Baada ya PCR (kunakili DNA mara nyingi), pitisha DNA kwenye jeli yenye umeme, ambayo hutenganisha vipande kwa urefu, kwa muda mrefu hadi mistari miwili iachane kabisa, kisha kata ule mfupi tu, usafishe, upeleke kusomwa. Bacillus na Tetragenococcus wakaonekana wazi.