Mzee Hakugeuka

"Geuka," nilimwambia. "Meli iko huku. Wenzako wote wameshaiona."

Hakugeuka. Alibaki ameketi pembeni mwa mbao, kaupa mgongo umati mzima, shuka jekundu begani. Mkono mmoja ameshika tama, mwingine umembana mwenzake aliyelala chali magotini pake akiigiza maiti.

Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu nilipiga makofi kusimamisha mazoezi, na waigizaji wote 22 wakashusha pumzi. Zilikuwa zimebaki siku 9 tu kabla ya onyesho, nami nilikuwa na mwisho wa mchezo kichwani siku nyingi: tanga linavimba, kitambaa kinapungwa, chelezo kizima kinageukia meli na kupaza sauti moja. Kijana mmoja asiyegeuka alikuwa anauvunja mwisho wangu mbele ya macho yangu.

Mchezo huo ulizaliwa na picha. Miaka yote niliyofundisha sanaa za maonyesho, kila nilipowaambia wanafunzi watunge wenyewe walinirudishia mchezo uleule: mtu mwovu, mtu mwema, hotuba, pazia. Sikuwalaumu. Ukimwambia kijana "tunga" bila kumpa kitu cha kushika, atashika alichokisikia jana. Ndipo nikaanza kuwapa michoro ya wachoraji wakubwa. Tulianza na Yowe la Munch, la mwaka 1893, na wote wakasimama wameachama midomo wakipiga kelele, mpaka binti mmoja akauliza kwa nini yule mtu ameziba masikio. Anayeziba masikio ni anayesikia, alisema. Darasa likanyamaza. Kisha tukaitazama picha ya Hopper ya mwaka 1942, ile ya watu wanne ndani ya mgahawa usiku wa manane, kioo kikubwa na taa kali, tukatafuta mlango wa kutokea barabarani tusiuone. Mchezo wa dakika 5 waliotunga kwa ajili ya mlango usiokuwepo ulikuwa bora kuliko michezo yote ya saa nzima niliyowahi kuwaandikia mimi.

Kwa hiyo onyesho la mwisho wa mwaka lilipokaribia, nilileta picha niliyoipenda kuliko zote: Chelezo cha Medusa, ya Théodore Géricault.

Siku ya kwanza sikuwaonyesha yote. Nilibandika ukutani nakala kubwa niliyoiunganisha kwa karatasi nyingi, nikaifunika kwa karatasi nyeupe yenye tundu la ukubwa wa sarafu. Kila mwanafunzi alikuja zamu yake, akalisogeza tundu anakotaka, akatazama kwa dakika moja, kisha akaenda pembeni na kusimama kama alichokiona. Wengine walipata kisigino, wengine kamba, wengine mdomo uliokauka. Mmoja alipata mkono ulioshika kitambaa, na tangu saa ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bendera hadi mwaka ukaisha. Na kijana mmoja mkimya, ambaye kwa muhula mzima nilikuwa nimemsikia akisema maneno machache mno, alipata ncha ya kitambaa chekundu na ndevu nyeupe. Alikaa sakafuni, akashika tama. Wakamwita Mzee.

Nilipoondoa karatasi na picha nzima ikaonekana, hakuna aliyesema neno kwa muda.

Nikawasimulia. Mwaka 1816 manowari ya Ufaransa iliyoitwa Méduse, ikielekea Senegal, ilipanda fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania. Nahodha wake alipewa cheo kwa upendeleo, ilhali alikuwa amekaa zaidi ya miaka 20 bila kuongoza chombo. Mashua hazikutosha watu wote. Wakaunganisha milingoti na mbao kuwa chelezo cha mita kama 20 kwa 7, wakapakiwa humo watu karibu 147, ili mashua zikikokote hadi nchi kavu. Haukupita muda, kamba zikaachiwa. Wale wa kwenye mashua wakaenda zao, wale wa chelezo wakabaki na mvinyo kidogo na biskuti za siku moja. Baada ya siku 13 meli iliyoitwa Argus iliwakuta hai watu 15. Mengine yaliyotokea katikati niliyasema kwa ufupi: walipigana wao kwa wao, wakatupana majini, na njaa ikawafikisha pasipotamkika.

Hesabu zinapita masikioni tu zikiwa maneno matupu, kwa hiyo tulitoka nje na chaki. Ukigawa chelezo kile kwa watu wale, mtu hapati hata mita moja kamili ya mraba. Sisi tulikuwa na haki ya ukanda wa mita 3 kwa 7. Wakasimama ndani yake, bega kwa bega, nikawaambia kukaa hairuhusiwi. Dakika kumi za kwanza walicheka. Baadaye mmoja akaanza kumsukuma mwenzake kwa kiwiko, na si kwa kuigiza. Ndipo nikaanza kuwatoa, mmoja mmoja, kwa kuwagusa bega. Hesabu ileile ikitumika, kati ya 22 wangesalimika 2. Walipobaki wawili, nafasi ile ile iliyowabana ilikuwa imegeuka kubwa kiasi cha kuogofya, na wale wawili, bila kuambiwa, wakasogeleana wakasimama migongo ikigusana.

Ile ndiyo siku mchezo ulipoanza. Yote yaliyofuata waliyapata ndani ya picha wenyewe. Binti mmoja alitazama tanga kwa muda mrefu, kisha akaja kuniambia, "Mwalimu, upepo unawapeleka siko." Ni kweli. Wote wananyoosha mikono kulia, ambako Argus ni kidoa tu kwenye upeo wa bahari, lakini tanga limevimba kushoto, na huko kushoto wimbi kubwa linainuka. Chombo kinakimbia wokovu wake. Tukachukua shuka kubwa, vijana wawili wakalivuta upande mmoja kwa nguvu zao zote, na wengine wote wakajikokota upande wa pili. Jasho lilikuwa la kweli. Sikuhitaji kumwelekeza yeyote jinsi ya kuonyesha uchovu.

Niliwaeleza pia jinsi Géricault alivyofanya kazi, kwa sababu nilitaka wajue kwamba hata yeye aliigiza kwanza ndipo akachora. Aliwatafuta manusura akawahoji, akatengenezewa mfano mdogo wa chelezo, akaenda hospitali kuwatazama wanaokata roho, akanyoa nywele zake na kujifungia chumbani. Rafiki zake walikuja kukaa mbele yake kama vielelezo. Yule aliyelala kifudifudi mbele, mkono umenyooka, ni Delacroix, ambaye baadaye naye alikuwa mchoraji mkubwa. Aliyesimama juu kabisa akipunga kitambaa ni mtu mweusi, aliyechorwa kwa kumtazama Joseph, mzaliwa wa Haiti. Picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1819, mchoraji alikuwa na miaka 27. Bendera aliposikia hayo alinyoosha mgongo, na kuanzia siku hiyo aliinua kitambaa chake juu zaidi.

Basi tulifika mahali pazuri, nami nikaupenda mwisho wangu kupita kiasi.

"Kwa nini hugeuki?" nilimuuliza Mzee, na sauti yangu ilikuwa na hasira.

Akajibu bila kugeuza hata shingo. "Samahani, Mwalimu. Nikigeuka itabidi nimwachie."

"Umwachie nani?"

"Huyu." Akamtazama mwenzake aliyelala magotini. "Yuko ukingoni kabisa. Nikiinua mkono kupunga, anateleza. Maji yatamchukua."

"Lakini ameshakufa," Bendera alisema kutoka juu.

"Najua."

Hakuna aliyecheka. Nilikwenda ukutani nikasimama mbele ya picha ambayo niliamini naijua. Kila mara nilikuwa nimeisoma kama mchoraji anavyokuvuta uisome: jicho linaanzia chini kushoto kwa maiti, linapanda migongo na mikono, linafika kileleni kwenye kitambaa, kisha linaruka kwenda kwenye meli. Mzee nilikuwa nampita. Nilimfanya ngazi ya kupandia. Nilikuwa sijawahi kuuliza anatazama nini, kwa kuwa kwenye hadithi niliyojiandalia hapakuwa na nafasi ya mtu asiyetaka kuokolewa peke yake. Mfa maji haachi kutapatapa, tumezoea kusema. Huyu hatapatapi. Ameshika tama, na mkono wa pili uko kazini.

Nilimwomba radhi palepale mbele ya wenzake. Sikuona haja ya kungoja faragha. Hasira niliitoa hadharani.

Tukakaa chini wote kuutafuta mwisho upya, na hapo nikawaambia jambo ambalo nilikuwa nimelificha kwa sababu liliniharibia mpango. Argus walipoiona mara ya kwanza, haikuwaona. Ilipotea. Walikaa kama saa mbili wakijua kwamba wameachwa tena, ndipo ikarudi. Picha ni ya ile mara ya kwanza. Kelele zote zile, kitambaa kile, mikono ile yote: meli inaondoka.

"Basi wakishaikosa watakaa wapi?" aliuliza yule binti wa upepo.

Walilijaribu swali lile kwa miili yao. Meli ikatoweka. Bendera akashusha mkono polepole, akabaki amesimama akikitazama kitambaa kana kwamba hajui ni cha nini. Mmoja akaketi. Mwingine akaketi. Hawakukubaliana chochote, lakini mmoja baada ya mwingine walijikuta wamekuja kukaa karibu na Mzee, wakitazama anakotazama. Chelezo kizima kikawa kimegeuka, ila si upande nilioutaka mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye viti vya watazamaji, na koo lilinikaba nikashindwa kusema "tena".

Usiku wa onyesho ukumbi ulijaa. Walifanya vile vile. Meli iliporudi tulitumia taa moja ndogo tu nyuma ya watazamaji, na waigizaji wakainuka, wakashuka jukwaani, wakapita katikati ya watu kuifuata. Hadhira ikawasindikiza kwa macho hadi mlangoni. Walipogeuza nyuso tena mbele, wakamkuta Mzee bado yuko palepale na kijana wake, peke yao kwenye mbao zile pana. Alisogeza kiganja kutoka kifuani mwa maiti hadi begani, vidole vikakunja nguo, vikakaza. Niliona vifundo vya vidole vikibadilika rangi. Taa zikazimwa.

Makofi yalichelewa. Katika ule ukimya, mimi nikiwa nyuma ya pazia hatua mbili kutoka kwao, nilimsikia maiti akinong'ona gizani.

"Basi, tumemaliza. Niachie."

Na sauti ya Mzee, ya chini kabisa:

"Subiri taa ziwake kwanza."