Maziwa ya mavyaa na tumbo la mwanangu

Choo cha binti yangu kilianza kuja na makamasi akiwa bado hajatimiza miezi miwili, na baadaye nikaona nyuzinyuzi za damu ndani yake. Alikuwa ananyonya tu, hata maji hajaonjeshwa. Usiku alilia huku akijikunja, na akimaliza kunyonya alitapika, si kule kucheua kwa kila mtoto bali kutapika khasa. Mashavuni ukurutu mwekundu, mafuta ya nazi hayaufanyi kitu.

Wazee walisema chango. Akapakwa mvuje, na mimi sina ugomvi na mvuje, ila damu kwenye choo cha mtoto mchanga si jambo la kulisubiria nyumbani. Tukatoka Wete, hapa Pemba, tukapanda gari hadi Chake Chake kumtafuta daktari wa watoto.

Daktari alimvua nepi akaangalia kama amechanika njia ya haja kubwa. Akaagiza choo kipimwe, isije ikawa maambukizi. Akampima uzito akaulinganisha na kadi ya kliniki: unapanda vizuri, na homa hana. Halafu akanigeukia mimi. "Mama, maziwa ya ng'ombe unakunywa?" Nilicheka. Siku zile nadhani nusu ya damu yangu ilikuwa maziwa.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, anafuga ng'ombe, na kwake yeye mzazi asiyekunywa maziwa hajatunzwa. Asubuhi bokoboko limemwagiwa samli, jioni kikombe kikubwa cha maziwa yaliyochemshwa na hiliki. Daktari alinieleza kuwa protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama hupita kidogo kwenye maziwa yake, na kinga ya mwili ya baadhi ya watoto huikataa. Mzio wa namna hii, unaojitokeza polepole, vipimo vya damu havisaidii kuutambua. Kipimo chake ni mama kuacha maziwa ya ng'ombe na vyote vinavyotokana nayo kwa wiki mbili hadi nne, kisha kuyarudisha kwa makusudi na kuangalia. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida. Hilo alilirudia sana, nafikiri alijua kuwa nikifika nyumbani nitaambiwa maziwa yangu ni mabaya.

Na kweli niliambiwa. Jirani yetu, mwalimu wa skuli, alishikilia kuwa tatizo ni sukari ya maziwa, ile laktosi, nimwachishe ziwa. Lakini laktosi hutengenezwa ndani ya titi lenyewe: mama anywe maziwa asinywe, ipo. Na mtoto kuzaliwa hawezi kabisa kuimeng'enya ni nadra mno. Mwengine akanishauri nihamie maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, kwa hiyo watoto wengi wanaokataa haya huyakataa na yale.

Kazi kubwa ilikuwa kumwambia mavyaa. Nilimtuma mume wangu atangulie. Akarudi kesha kunywa maziwa yeye na neno hajasema. Basi nikaenda mwenyewe na nepi chafu mkononi, nikamwonesha. "Mama, tazama." Alitazama, akanyamaza kidogo, akauliza, "Na samli jee?" Na samli, mama. "Sasa kwenye bokoboko utatia nini?" Tukakubaliana mafuta ya nazi. Ladha haikuwa ile, lakini liliteremka.

Jiko letu, kwa bahati nzuri, linategemea nazi. Wali wa nazi, mchuzi wa tui, mkate wa kumimina na maandazi ya tui yanayopikwa nyumbani, vyote nilikula bila hofu. Maziwa hujificha penginepo: maandazi ya kununua yaliyotiwa maziwa ya unga, biskuti, keki, siagi ya kopo. Nikajifunza kusoma maandishi ya pakiti hadi chini, maana mara nyingine hukuti neno maziwa, unakuta kaseini, nayo ni protini ya maziwa. Lililoniuma zaidi ni biriani la harusini, kwa kuwa masala yake hutiwa mtindi. Nilikaa mkekani nikala ndizi.

Mama anayenyonyesha anahitaji kalsiamu kiasi cha miligramu 1,000 kwa siku, kwa hiyo nilikula dagaa wazima na miba yao, ufuta, na vidonge alivyoniandikia daktari.

Damu iliondoka mapema, kulia kukapungua. Ukurutu ndio uliokawia.

Halafu ikaja sehemu ambayo, kwa nionavyo, wengi wetu huiruka. Mtoto keshatulia, nani atake kumrudishia maumivu? Lakini watoto wengi hutulia wenyewe wakifika miezi mitatu au minne, na mama asipojaribu tena anaweza kujinyima bure mwaka mzima, akadhani amepata dawa. Nilirudi kwenye kikombe cha mavyaa, na haukupita muda makamasi yakarudi, na usiku ukawa ule ule. Nikaacha tena, naye akatulia tena. Hapo ndipo daktari aliposema sasa tunajua.

Binti yangu sasa anakula: uji wa tui, samaki, ndizi mbivu, na bado ananyonya. Watoto wengi huushinda mzio huu wakiwa wadogo, na akikaribia mwaka tutamjaribu kwa vitu vilivyookwa vyenye maziwa kidogo, kwa sababu moto wa tanuri hubadilisha zile protini. Daktari kaniruhusu kufanya hivyo nyumbani kwa kuwa dalili zake ni za polepole. Mtoto anayevimba midomo, anayetoka vipele ghafla au kupumua kwa shida mara tu baada ya maziwa hajaribiwi nyumbani, huyo ni wa hospitali moja kwa moja. Mavyaa keshatangaza kwamba keki ya majaribio ataioka yeye, na maziwa yatatoka kwa ng'ombe wake.